Namba Niliyosema Haigawanyiki

Ninyi mnaotufuata kazini, mnaoinua simu juu ya tuta la miche na simu ikawaambia iko mingapi, sina ugomvi nanyi. Simu hiyo nimeiona ikifanya kazi. Binti aliyeshika nafasi yangu kitaluni alinionyesha siku moja, akapiga picha, akangoja kidogo, akasema, "Bibi, mia nne na kumi na miwili." Nikalizunguka tuta mara moja, nikatazama pembe zake, nikamwambia arudie, kuna miche minne imejificha nyuma ya nguzo. Akarudia, ikawa mia nne na kumi na sita. Tangu hapo ananiita kila anapokwama, nami naenda, maana mstaafu asipoulizwa kitu huanza kuugua magoti.

Leo nataka kuwasimulia habari ya namba moja tu, tisini na moja. Asubuhi, mlima ukiwa bado umejifunika ukungu na mimi nimekaa barazani kwangu hapa Bigwa na kikombe cha chai, namba hiyo huwa inanijia yenyewe. Inaanza kitu kimoja katikati, kisha sita kukizunguka, kisha kumi na mbili, inafunguka polepole mpaka imejaa uwanja wote wa macho yangu, na chai inapoa. Namba hii nilisimama mbele ya wanakijiji na kusema kwamba haigawanyiki. Nilikosea, na kosa lile lilikaribia kuwakaushia watu chemchemi yao.

Nianze na aliyenifundisha. Mimi ni mtu wa Gairo, nchi ya mahindi na karanga, ardhi imelala na jicho linafika mbali. Nilipoletwa kwenye kitalu cha miti chini ya Uluguru nilikuwa msichana anayejua jembe tu. Mnyapara wetu alikuwa Mzee Kibwana, mtu mfupi, mkali asubuhi na mpole kuanzia saa nne akishakunywa uji. Kazi ya kwanza aliyonipa ni kuhesabu miche kwenye viriba, ile mifuko ya plastiki ya duara tunayojaza udongo. Nikahesabu mmoja mmoja kwa kidole, huku nikisogeza midomo. Alinitazama kwa huruma.

"Binti wa Gairo," akasema, "ukihesabu hivyo utazeeka kabla miche haijaota. Usihesabu miche, hesabu umbo."

Akachukua kiriba kimoja akakiweka chini. Akakizungushia vingine vikakibana, vikawa sita, wala hapakuwa na nafasi ya kuongeza cha saba. Jaribuni wenyewe na vikombe au vizibo vya soda. Vitu vya duara vilivyo sawa hukubali sita tu kumzunguka mwenzao. Akaweka mzunguko wa pili, ukachukua kumi na viwili. Wa tatu kumi na vinane, wa nne ishirini na vinne, wa tano thelathini. Kila mzunguko unaongeza sita. Sisi kitaluni tuliita umbo hilo ua.

"Haya, ua la mizunguko mitano lina miche mingapi?"

Nikajumlisha kwa shida, nikasema, "Tisini."

"Umemwacha nani?"

"Sijamwacha mtu, mzee."

"Umemwacha mama mwenye nyumba," akasema, akagusa kile cha katikati.

Tisini na mmoja. Ndivyo nilivyokutana na namba hii, kwa kumsahau mmoja, na mtaona kwamba sikupona ugonjwa huo haraka.

Mzee Kibwana aliipenda tisini na moja kuliko namba zote. Alisema ni namba yenye nyumba tatu, na ukiijua utaikuta popote. Nyumba ya kwanza ni ua. Ya pili alinionyesha sokoni mjini, kwa muuza machungwa. Tulisimama mbele ya rundo lake, chini machungwa sita kwa sita, juu yake matano kwa matano, kisha manne kwa manne, mpaka moja kileleni. Jumlisheni, thelathini na sita, ishirini na tano, kumi na sita, tisa, nne, moja. Tulisimama muda mrefu mzee akinong'ona hesabu, mpaka mwenye machungwa akauliza, "Babu, unanunua au unayaombea dua?" Tukanunua mawili kwa aibu. Nyumba ya tatu ilikuwa nyuma ya ghala letu, tulipopanga nguzo za kujengea vichanja. Nguzo kumi na tatu chini, kumi na mbili juu yake, kumi na moja, hivyo hivyo mpaka moja. Pembetatu. Nayo ni tisini na moja.

Alinifundisha na mengine, yaliyo na faida kwenu zaidi ya haya. Udongo wa kiriba ufinyange mkononi. Ukitoa maji umezidisha, ukisambaratika umepunguza. Miche iliyokaa kivulini iondoe kivuli kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, kwa sababu mche uliotolewa kivulini ghafla huungua kama mtoto wa mjini aliyepelekwa kupalilia. Na unapohamisha mche mchanga, shika jani, usishike shina. Jani likichubuka litaota jingine, shina likiminywa mche umekufa hata kama bado ni kijani. Kugawa peke yake hakunifundisha. Alisema kugawa ni shida ya wenye mali, sisi tunahesabu tu na kumwagilia.

Miaka ikaenda, mzee akastaafu, akafariki, Mungu amrehemu, nami nikawa mnyapara. Ndipo walipokuja watu wawili kutoka kijiji kimoja huko juu Mgeta, mwenyekiti wao na kijana wa kumbebea mfuko. Mfuko ulikuwa na kuyu, matunda ya mkuyu, yameiva na kuanza kuchacha. Mkuyu mkubwa uliosimama juu ya chemchemi yao ulikuwa umeanguka kwa mvua, pamoja na kipande cha mteremko. Matunda yale ndiyo yalikuwa ya mwisho.

"Chemchemi imeanza kujaa matope," mwenyekiti akasema. "Wazee wanasema maji yale yanaujua mti ule tu. Tunataka watoto wake, bibi miti, siyo mti mwingine."

Sikubishana naye. Mkuyu kweli hushika maji na udongo, na mtu akiamini mti wake atautunza.

Mbegu za mkuyu ni ndogo kuliko pilipili manga iliyosagwa. Unaponda tunda, unaosha, unakausha kwenye kitambaa, unazinyunyiza juu ya mchanga laini bila kuzifukia. Mimi, mnyapara mzima, nikachukua keni, ndoo ile yenye mdomo wa matundu, nikamwagilia kwa juu kama namwagilia mchicha. Nusu ya mbegu zikaondoka na maji. Mbegu hizo hunyweshwa kwa chini, unakalisha trei kwenye karai la maji, mchanga unavuta wenyewe. Nilijua, lakini asubuhi ile nilikuwa nimegombana na mtu nyumbani. Zilizobaki zikaota, kisha zikaanza kuoza shingo, nyingine zikaliwa na konokono. Nilikuwa nazitembelea kabla sijavua viatu vya njiani. Miche ilipofika urefu wa mkono na kutulia, nikaipanga kwenye uwanja, mizunguko mitano kumzunguka mmoja. Ua likajaa kamili, bila kiriba kilichozidi wala pengo.

Nikakaa chini, nikaitazama. Tisini na mmoja. Moyoni nilisikia Mzee Kibwana amepita pale.

Tulipanda mlima na miche kwa lori lililokuwa linakwenda kuchukua kabichi, na mwisho wa barabara akina mama wakaibeba kichwani kwenye matenga, kwa njia ile nyembamba ambayo mguu mmoja uko shambani na mwingine hauko popote. Mimi wa Gairo nilipanda nikishika nyasi. Ukungu ulikuwa unaingia na kutoka, mara unaona mashamba ya ngazi ngazi mpaka chini, mara huoni hata kisigino cha aliye mbele yako, unasikia maji tu. Tulipofika niliiona chemchemi. Jicho lake lilikuwa limebaki upana wa sufuria, na juu yake korongo lenye umbo la faneli, jembamba pale majini, likipanuka kadiri linavyopanda. Lilikuwa tupu, udongo mwekundu. Mvua kubwa moja ingelimwaga lote juu ya lile jicho.

Mkutano ulikuwa kwenye banda la kupakilia mboga, watu wamekaa juu ya matenga yaliyopinduliwa. Nilidhani tunakwenda kupanda. Kumbe watu walikwenda kugawana.

"Mti ule alikuwa mama yetu sote," mwenyekiti akaeleza. "Mama akifa kila nyumba hupata chake. Vitongoji ni sita. Kila kitongoji kichukue watoto wake kikapande kwake."

 Miche ikitawanywa kwenye mipaka na nyua, mbuzi watakula nusu yake, na korongo litabaki tupu. Nikasimama. Nilijua nikisema habari za mizizi na mmomonyoko watanisikiliza kwa adabu kisha watagawana. Nikaikimbilia namba.

"Shikamooni wazee wangu. Miche hii ni tisini na mmoja, na namba hii haigawanyiki. Wakiwa wawili unabaki mmoja. Watatu, unabaki mmoja. Wanne, inabaki mitatu. Watano, mmoja. Na ninyi mko sita, kila kitongoji kitapata kumi na mitano na utabaki mmoja. Huo mmoja mtampa nani?"

Wakaanza kuhesabu kwa vidole. Nikanogewa, kama wasemavyo watoto. Nikaongeza kwamba hata wangekuwa tisa, hata kumi, utabaki mmoja, kwamba namba hii ni ngumu, Mungu ameifunga, haigawanyiki kwa yeyote. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Huo mmoja utatupeleka baraza la kata." Wakacheka, wakaanza kukubaliana kwamba basi miche ikae pamoja pale korongoni. Nilikuwa nimeshinda.

Wanangu, mmegundua nilichoruka. Kutoka sita nilirukia tisa. Nane ningeimudu, lakini saba niliikwepa tangu shule, jedwali lake lilinichapisha viboko vingi, na kichwa changu kilikuwa kimezoea kulipita kama mtu anavyopita nyumba yenye mbwa.

Mwishoni mwa banda alikuwa amekaa mama mmoja, mkeka mdogo mbele yake, anachambua maharage. Nilimwona tangu mwanzo nikadhani anangoja lori. Akainua uso.

"Shikamooni. Mimi Mwanahawa, natoka kitongoji cha juu."

"Marahaba, mama," mwenyekiti akajibu, "lakini ninyi wa juu hamnywi maji haya. Mna kijito chenu."

"Hatuyanywi. Lakini huo mteremko mnaotaka kupanda miti ni mashamba yetu ya maharage. Bibi yangu mzaa mama amelima hapo. Mmehesabu vitongoji sita, mmetuacha sisi tulio juu ya vichwa vyenu. Na mti huo ulipoangusha kuyu, sisi hatukuokota? Hakuwa mama yetu?"

 Akausogeza mkeka mbele.

"Mimi sikusoma namba za bibi miti. Sokoni napanga mafungu. Nimehesabu punje tisini na moja, nikapanga mafungu saba. Kila fungu punje kumi na tatu. Hakuna iliyobaki. Sasa, bibi miti, Mungu ameifunga, au nimeifungua mimi?"

Banda zima likacheka. Mimi nilitaka ukungu uingie unichukue. Wakahesabu mafungu yale mara mbili, yule mzee aliyetaja baraza la kata akayahesabu mara ya tatu. Saba kwa kumi na tatu. Hapo maneno yangu yote yakawa maganda. Mwenyekiti akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko kejeli, kwamba kwa kuwa imegawanyika, wanaume wakirudi kutoka kusali adhuhuri kila kitongoji kitachukua kumi na mitatu yake, na kitongoji cha juu kimo.

Wakaenda msikitini. Nikabaki na miche, na Mama Mwanahawa, na maji yale yakisikika chini yetu. Niliona aibu. Nikamwendea, nikachuchumaa.

"Mama, nisamehe. Sikukuhesabu."

"Hukujua," akasema. "Lakini ulisema kama mtu anayejua."

Maneno hayo niliyabeba mpaka nikastaafu, na sasa nawakabidhi. Kisha akaniuliza kwa nini nilitaka sana miche ikae pamoja. Nikamwonyesha korongo. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo, likaonekana lote, mdomo mwembamba chini na mabega mapana juu. Nilikuwa namweleza habari za mizizi, na katikati ya maneno nikanyamaza. Umbo lile nilikuwa nalijua. Lilikuwa rundo la nguzo nyuma ya ghala la Mzee Kibwana, limepinduliwa.

"Niazime maharage yako," nikasema.

Nikaweka punje moja chini kabisa ya mkeka, iwe pale pa chemchemi. Juu yake mbili, juu yake tatu, nikapanda hivyo mpaka safu ya kumi na tatu. Zikaisha sawasawa. Mama Mwanahawa aliinama akaziangalia kwa muda, kichwa amekilaza upande, kama anapima fungu la mwenzake sokoni.

"Hiyo safu ya juu ni kumi na tatu?"

"Ndiyo."

"Basi hilo ndilo fungu langu. Linapita shambani kwangu." Akaweka kidole safu iliyo chini yake. "Hii?"

"Kumi na mbili."

"Imepungukiwa moja. Fungu likipungua si unaliongezea?" Kidole chake kikashuka taratibu mpaka kwenye ile punje iliyo peke yake chemchemini. "Lipe hii. Sasa ni kumi na tatu. Ile ya kumi na moja?"

"Imepungukiwa mbili," nikasema, na mwenyewe nikashusha kidole, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona. Safu ya pili kutoka chini ilikuwa na mbili. Kumi ikachukua tatu. Tisa ikachukua nne. Nane ikachukua tano. Saba na sita zilikuwa jirani katikati, zikachukuana zenyewe. Mafungu saba, kumi na tatu kila moja, na hatukusogeza hata punje moja kutoka mahali pake.

 Ukungu ulirudi ukapita kati yetu na mkeka, maharage yakafifia, yakaonekana tena. Sijui tulikaa muda gani. Katika miaka yangu yote ya kazi ile ndiyo saa ninayoiota.

Wanaume waliporudi, aliyeeleza ni yeye, siyo mimi. Kila kitongoji kitakuwa na miti yake kumi na mitatu, na hakuna mti utakaotoka korongoni. Mzee wa baraza la kata alifuata mistari kwa fimbo yake, akauliza, "Kwa hiyo mwenye safu ya kumi na mbili huko juu, mti wake mwingine uko huku chini majini? Akija kuutazama atapita kwenye miti ya wenzake wote?"

"Atapita," Mama Mwanahawa akajibu. "Na atawasalimia."

Mzee akafikiri, kisha akacheka mpaka akakohoa. Tulipanda siku hiyo hiyo, hatua tano kati ya mti na mti, nami nikazunguka nikipiga kelele, shikeni kiriba, msishike shina.

Nilistaafu. Nilijifunza jedwali la saba nikiwa na wajukuu, na sikuona haya. Safari moja, magoti yakiwa bado yananikubalia, nilipanda tena Mgeta. Mikuyu ilikuwa mirefu, imefunga korongo lote, huoni udongo mwekundu tena. Jicho la chemchemi lilikuwa limefunguka, maji yanatoka kwa sauti nene. Mama Mwanahawa alikuja kunipokea kwa fimbo, amezeeka kuliko mimi, tukasaidiana kushuka. Nikazunguka nikitazama pembe, kwa mazoea. Safu zote zilikuwepo. Lakini chini kabisa, nje ya pembetatu, kando ya maji, niliona mkuyu mdogo usiofika gotini, umejiotea.

"Huu sikuuleta mimi," nikasema.

"Ndege ameuleta. Mama zake walianza kuzaa."

"Kwa hiyo sasa iko tisini na miwili."

"Wazee walikaa kikao," akasema. "Nikawapangia mafungu saba. Kumi na mitatu, kumi na mitatu, na ukabaki mmoja. Safari hii umebaki kweli, tumehesabu mara tatu. Wakaulizana, huu mmoja tumpe nani."

Mlimani kule shamba hurithiwa kwa upande wa mama. Mimi mama yangu ni wa Gairo, sikuwa na cha kurithi huko. Nimeotesha miti isiyo na idadi kwenye milima ile na sikuwahi kuwa na hata mmoja, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba jambo hilo liliniuma.

"Tukasema ni wa bibi miti," Mama Mwanahawa akamaliza. "Uje uutazame. Na ukija, utapita kwetu."

Nikachuchumaa kando ya mche wangu, machozi yakinitoka bila kificho. Nikanyoosha mkono, nikaushika kwa jani.